Daftari la Futi Tano: Nyaraka za Ndani za Mradi wa OS/360

Kabla mradi wa OS/360 haujatimiza miezi sita, daftari lake lilikuwa na unene wa futi 5. OS/360 ni mfumo endeshi ambao IBM iliutengenezea kompyuta zake za System/360, zilizotangazwa Aprili 7, 1964. Mradi ulipopamba moto ulikuwa na watu zaidi ya 1,000, na Frederick Brooks, aliyeuongoza, aliamini kwamba kila mwandishi wa programu anapaswa kuona kazi ya wenzake wote. Malengo, vipimo, viwango na hata barua za uongozi viliingia daftarini.

Ofisi za mradi huko Manhattan, katika jengo la Time-Life, zilitumia nakala 100. Kuzipandanisha kungefika futi 500. Hata hivyo, kilichochosha zaidi ni mabadiliko. Kila siku zilikuja kurasa zipatazo 150, nazo zilipaswa kupachikwa moja moja mahali pake, za zamani zikichomolewa. Kazi hiyo ilianza kula muda usio mdogo wa kila siku ya kazi.

Mradi ukahamia kwenye maikrofishi, vipande vya filamu vyenye picha ndogo mno za kurasa, vinavyosomwa kwa mashine ya kukuzia. Hata baada ya kununulia ofisi mashine hizo za kusomea, ziliokolewa dola milioni 1. Lakini hasara yake haikuwa ndogo. Anayepachika ukurasa kwa mkono hakosi kuona kilichobadilika, na anaweza kukipigia mstari au kuandika maoni pembeni. Filamu haikutoa nafasi hiyo. Ndiyo maana Brooks alishauri kila filamu mpya iandamane na karatasi inayotaja mabadiliko yake.

Mapema miaka ya 1970 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alipinga msingi wenyewe wa daftari hilo: kila kundi lijue namna ya kuunganisha sehemu yake na za wengine, lakini lifichwe undani wa sehemu za wengine. Brooks alilikataa wazo hilo katika The Mythical Man-Month, kitabu chake cha 1975. Katika toleo la 1995 alikiri, kwa uungwana wa kupigiwa mfano, kwamba Parnas alikuwa sahihi.

Mwaka huohuo wa 1995 mwandishi wa programu Ward Cunningham alifungua tovuti ya kwanza ya aina iitwayo wiki, ambayo kurasa zake msomaji yeyote aliweza kuzirekebisha. Ukurasa wake mmoja ulikuwa orodha ya mabadiliko ya karibuni, kama ile karatasi aliyoishauri Brooks.