Umri wa Muda wa New York
Mwaka 1962, jimbo la New York lilipotunga sheria ya Mahakama ya Familia, wahusika walishindwa kukubaliana kijana aanze kushtakiwa kama mtu mzima akiwa na miaka mingapi. Wakaandika 16, kwa muda tu, wakisubiri mjadala zaidi. Muda huo ulidumu miaka 55.

Ajabu ni kwamba New York iliwahi kutangulia wenzake. Mwaka 1825 jiji la New York lilifungua nyumba ya kwanza Marekani ya kuwatenga watoto wakosaji na wafungwa wazima. Mahakama ya watoto yenyewe ilizaliwa Chicago mwaka 1899.

Tangu 1962, sheria ya New York imetikiswa sana mara mbili, na kila mara nyuma yake kulikuwa na kijana mmoja. Machi 1978, Willie Bosket, mwenye miaka 15, aliwaua watu wawili katika treni za chini ya ardhi za Manhattan. Adhabu ya juu kwa umri wake ilikuwa miaka mitano katika taasisi ya vijana. Magazeti yakawaka. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Gavana Hugh Carey hakungoja: mwaka huohuo ikapita sheria iliyoruhusu hata mtoto wa miaka 13, akidaiwa kuua kwa kukusudia, ashtakiwe kama mtu mzima.

Kisha akaja Kalief Browder wa Bronx. Mei 2010, akiwa na miaka 16, umri wa kushtakiwa kama mtu mzima, alikamatwa akidaiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000; familia yake haikuzimudu. Alisota mahabusu ya Rikers Island karibu miaka mitatu, takriban miwili akiwa amefungiwa peke yake. Aliambiwa akikiri ataachiwa, akakataa. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikilizwa hata siku moja. Mwaka 2015 alijiua.

Aprili 2017 Gavana Andrew Cuomo alisaini sheria ya kupandisha umri huo hadi 18. Ilianza Oktoba 2018 kwa wenye miaka 16, na mwaka uliofuata kwa wa 17. North Carolina, jimbo pekee lililokuwa limebaki na 16, likapitisha ya kwake mwaka huohuo wa 2017.

Ushindi huo, hata hivyo, una mipaka. Makosa makubwa bado huanzia mahakama ya watu wazima, katika kitengo cha vijana, kabla hakimu hajaamua kama yahamishiwe Mahakama ya Familia. Na ile sheria ya Carey haikufutwa.