Mlo wa Kuchukua: Wateja wa Ollie's Barbecue Mbele ya Sheria

Katika majimbo ya kusini ya Marekani zipo nyumba za chakula ambazo mgeni akizitazama kwa nje atadhani ni ghala au gereji. Kuta zimeingia masizi, kuni zimepangwa uani, na moshi humlaki mteja kabla hajauona mlango. Ndani hakuna kitambaa mezani wala mtumishi wa kumvutia mtu kiti. Mteja husimama katika mstari, hutaja nyama aitakayo na uzito wake, akapewa imefungwa katika karatasi pamoja na vipande vya mkate wa boflo na achari, kisha akatafuta mwenyewe pa kukaa. Bucha ya Kreuz katika mji wa Lockhart, Texas, iliyoanza mwaka 1900, ilijulikana kwa kutowapa wateja uma. Visu vilifungwa kwa minyororo mezani, na vidole vikafanya kazi iliyosalia. Wapo wenyeji waaminio kabisa kwamba nyumba ya namna hii ikianza kupambwa, basi nyama yake imekwisha kuharibika.

Wamarekani huita chakula hiki na nyumba yenyewe kwa jina moja, barbecue. Neno hilo walilipata kwa Wahispania, na Wahispania walilikuta kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, ambao kwao lilikuwa jina la ulingo wa fito. Gonzalo Fernández de Oviedo alilitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1526. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba ni nyama ya kuchoma kama aijuavyo yeye, ambayo huwekwa juu ya makaa makali na kuliwa baada ya muda mfupi. Hii huwekwa mbali na moto, ikaiva kwa joto dogo na moshi wa kuni, na bega la nguruwe laweza kukaa humo usiku kucha. Kwa hiyo ni kazi ya kukesha. Na kabla ya mwaka 1865, katika sherehe za wenye mashamba na mikutano ya siasa ya Kusini, waliochimba mashimo, wakapasua kuni na kukesha kando ya moto walikuwa hasa watumwa. Ustadi ulikuwa mikononi mwao, na baada ya kupata uhuru waliuchukua wakaenda nao mijini.

Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba moshi ulikuwa haujui rangi, na kwamba mbele ya sahani ya mbavu watu wote wa Kusini walikuwa ndugu. Usemi huo una ukweli kidogo. Henry Perry, mtu mweusi aliyetoka upande wa Memphis, alianza kuuza nyama katika kichochoro cha Kansas City mwaka 1908, akiifunga katika gazeti, na walionunua kwake walikuwa weusi na weupe. Kazi yake ilirithiwa na Charlie Bryant, kisha na ndugu yake Arthur Bryant, ambaye aliiendesha mpaka alipokufa mwaka 1982. Na katika nyumba hiyo yenye viti vya hali ya chini hata marais wa nchi walikula. Lakini Kansas City si Alabama. Kule Alabama undugu huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka wenyewe ulikuwa kiti.

Katika mji wa Birmingham mpaka huo uliandikwa katika sheria za mji. Mwenye nyumba ya chakula hakuruhusiwa kuwahudumia weupe na weusi katika chumba kimoja, ila wawe wametengwa na kiambaza kizima kilichotoka sakafuni na kufika urefu wa futi 7 au zaidi, na kila upande uwe na mlango wake wa kutokea barabarani. Ni nani angejenga nyumba mbili ili auze nyama moja? Wengi waliona njia iliyo rahisi zaidi: mzungu aketi, na mtu mweusi anunue chakula chake aende nacho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Ollie's Barbecue. Nyumba hii ilikuwa mali ya jamaa ya McClung, na kumbukumbu za mahakama zasema kwamba tangu ilipofunguliwa mwaka 1927 haikumpa mtu mweusi nafasi ya kula ndani. Haikuwa kibanda tena kufikia mwaka 1964. Ilikuwa na viti 220, na sifa yake ilikuwa nyama ya moshi na pai zilizopikwa papo hapo. Wateja wake waliokaa walikuwa jamaa za wazungu pamoja na makarani na watu wa maofisi. Watumishi walikuwa 36, na theluthi mbili yao walikuwa weusi. Hesabu hiyo yatosha kueleza hali yote. Mtu mweusi aliweza kuigusa nyama ile, kuikata na kuibeba mpaka mezani kwa mwingine. Aliweza pia kuinunua, na fedha zake hazikukataliwa. Lakini akitaka kuila kwa starehe, ilimpasa kwanza atoke nje nayo.

Kwa mkazi wa mji, kutoka na kifurushi kulikuwa fedheha ya kila siku, na watu huizoea fedheha ya kila siku kama wanavyozoea kiatu kinachobana. Kwa msafiri lilikuwa jambo zito zaidi. Mtu mweusi aliyeondoka kwa motokaa kwenda mbali alipika chakula kwake na kukitia katika sanduku, maana hakujua kama njiani angepata mahali pa kula, au pa kulala, au hata choo. Victor Hugo Green wa New York alianza mwaka 1936 kutoa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea, na kitabu hicho kiliendelea kutolewa mpaka katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 Roy Wilkins, kiongozi wa chama cha NAACP, alieleza safari hizo mbele ya kamati ya Seneti, na maelezo ya namna hiyo yaliwasaidia sana waliokuwa wakitunga sheria mpya.

Mwaka huo huo wa 1963 Birmingham ulijulikana duniani kote. Wakati wa machipuko watoto na vijana walioandamana walipigwa kwa maji ya mipira ya zimamoto na kufukuzwa kwa mbwa wa polisi. Na tarehe 15 Septemba bomu liliua wasichana wanne katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Katikati ya matukio hayo, mwezi wa Julai, baraza la mji lilifuta amri zake za kutenganisha watu. Tangu siku hiyo kiambaza cha futi 7 hakikulazimishwa na mtu. Mwenye nyumba aliyemtoa mteja mweusi nje alifanya hivyo kwa hiari yake, na hapa ndipo udhuru wa kale, kwamba sheria ndiyo iliyotaka, ulipokosa nguvu.

Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia tarehe 2 Julai 1964. Sehemu yake ya pili ilikataza ubaguzi katika hoteli na nyumba za chakula zilizouza kwa wasafiri wa kutoka majimbo mengine, au ambazo sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka nje ya jimbo. Akina McClung hawakungoja kushitakiwa. Wao wenyewe waliipeleka serikali mahakamani, wakasema kwamba nyumba yao ni ya wenyeji, iko mitaa 11 kutoka barabara kuu ya majimbo na mbali zaidi na stesheni za reli na mabasi, wala hawatafuti wasafiri. Walisema pia kwamba wakiwakaribisha watu weusi mezani, wazungu watawahama na biashara itaanguka. Mwezi wa Septemba majaji watatu wa Alabama walikubaliana nao, wakaizuia serikali isitumie sheria juu yao.

Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambako Archibald Cox aliitetea serikali, na hukumu ikatolewa tarehe 14 Desemba 1964. Yeyote atakayeisoma hukumu hiyo akitumaini kukuta humo habari za mteja aliyesimama na kifurushi mkononi atashangaa. Mteja huyo hayumo kwa hakika. Aliyemo ni ng'ombe, na nguruwe pamoja naye. Jaji Tom Clark alionyesha kwamba katika miezi 12 iliyotangulia sheria, Ollie's ilikuwa imenunua chakula cha kiasi cha dola 150,000, na katika hizo dola 69,683, yaani asilimia 46, zilikuwa za nyama. Muuzaji aliyewapa alikuwa wa papo hapo mjini, lakini yeye naye aliipata nyama hiyo kutoka nje ya Alabama. Katiba inalipa Bunge la Marekani uwezo wa kutawala biashara ya baina ya majimbo. Nyama imevuka mpaka. Basi nyumba inayoiuza imo chini ya uwezo huo. Ikiwa nyumba moja ni ndogo, zitazamwe zote pamoja: watu wakikatazwa kula watakula kidogo, watasafiri kidogo, na biashara ya nchi nzima itapungua. Mahakama ilikuwa imetumia hoja kama hiyo mwaka 1942 juu ya mkulima wa Ohio na ngano aliyoilima kwa matumizi ya shamba lake. Majaji wote tisa walikubaliana.

Kwa nini wazunguke njia ndefu kiasi hicho? Sababu ilikuwa hukumu ya mwaka 1883, ambayo ilivunja sheria ya haki za raia ya mwaka 1875 kwa kusema kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba yanaifunga serikali tu, hayamfungi mwenye duka. Kuishambulia hukumu hiyo uso kwa uso kulikuwa na hatari. Kuipita kando kwa njia ya biashara kulikuwa salama. Majaji Douglas na Goldberg hawakuridhika kabisa, wakaandika kila mmoja kivyake kwamba Marekebisho ya 14 nayo yalitoa uwezo wa kutosha, na Goldberg alikazia kwamba shabaha ya sheria ilikuwa heshima ya mtu. Walisema kweli. Lakini yafaa kukiri kwamba waliochagua njia ya nyama walichagua njia iliyofika, na mtu mwenye njaa aliyengoja tangu 1927 hakuwa na haja ya kuuliza kama aliingizwa ndani na falsafa au na hesabu ya bucha. Jaji Hugo Black naye aliandika maneno yake ya kuunga mkono. Yeye alikuwa mwana wa Alabama, aliyefanya kazi ya uwakili katika Birmingham yenyewe, na katika miaka ya 1920 aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan.

Akina McClung walitii. Siku chache baada ya hukumu watu weusi waliingia, wakaketi, wakaletewa nyama, bila ghasia. Na ile hofu ya kuhamwa na wateja? Nyumba iliendelea na kazi yake kwa zaidi ya miaka 35, ikahama mahali, ikafungwa mwaka 2001.

Si wote waliotii upesi hivyo. Katika South Carolina, Maurice Bessinger alikuwa na nyumba za Piggie Park, ambako wateja waliletewa nyama ya nguruwe katika motokaa zao. Mwaka 1964 Anne Newman na wenzake walinyimwa chakula huko, wakashitaki. Bessinger alidai kwamba sheria ile ilipingana na mapenzi ya Mungu. Na jaji wa kwanza, kwa hoja nyingine, aliona kwamba haiwahusu wauza chakula ambacho wateja wengi hawakili papo hapo. Tazama jinsi kiti kilivyoleta matata tena: Birmingham mtu mweusi alikataliwa kwa kuwa kulikuwa na viti, na Columbia alikataliwa kwa kuwa havikuwapo. Mahakama ya rufani iliitengua hoja hiyo mwaka 1967. Tarehe 18 Machi 1968 Mahakama Kuu ilikata kwamba mteja anayeshinda shauri la namna hii alipwe, kwa desturi, gharama za wakili wake, maana hakujitetea nafsi yake tu bali alifanya kazi ya taifa. Na ule utetezi wa dini ikauhesabu kuwa upuuzi mtupu. Faida ya neno hilo ilivuka mipaka ya nyama, kwani watu wengi wasio na fedha waliweza baadaye kufungua mashauri ya haki zao.

Mlango wa Piggie Park ulifunguliwa, lakini mwenyewe hakubadili moyo. Mwaka 2000, bendera ya waasi wa Kusini ilipoteremshwa juu ya jengo la serikali ya jimbo, yeye aliipandisha juu ya nyumba zake. Maduka makubwa yakaondoa chupa za mchuzi wake wa haradali rafuni. Wateja wengine walimhama, na wengine walikuja makusudi kwa ajili ya bendera. Bessinger alikufa mwaka 2014. Watoto wake walikwisha kuziondoa bendera, wakaendelea kuchoma nyama.