Kukoki si kupakia

Gobore, bunduki ya wawindaji wa Kibondo na Kasulu, hushindiliwa: baruti mdomoni mwa mtutu, kitambaa, gololi, kisha ufito. Bunduki nyingi za kisasa hukokiwa. Komeo linavutwa nyuma, springi inalirudisha, risasi moja inaingia chemba, na chuma kinalia. Ukilirudisha polepole lisilie, huenda lisifunge sawasawa. Kitenzi "kukoki" tumekitoa Kiingereza, kama koki ya bomba. Mtu akikoki, magazeti huandika "alipakia risasi". Hapana, kupakia ni kujaza risasi kwenye magazini. Abiria wa Kasulu–Kibondo, enzi mabasi yalipokuwa yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, waliijua tofauti kwa masikio. Waandishi wa mahakamani, andikeni "alikoki" pale tu shahidi alipoona au kusikia hivyo.