Nyumba za Mawe na Viwanja Vyake

Wana-Pangani wenzangu, ukishuka kuelekea mtoni bado utaziona: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, milango ya nakshi. Baadhi zimekaa kwenye kiwanja ambacho leo Dar es Salaam kingekatwa mara sita.

Karne ya 19 nafasi ilikuwa na kazi. Pembe za ndovu zilishuka na misafara kutoka bara zikangoja majahazi. Watu waliouzwa nao walipitishwa hapa, wengine wakabakizwa kulima miwa kandokando ya mto. Hilo tusilifiche. Agosti 1888 Wajerumani wa kampuni walipolazimisha bendera yao, mji uliwaka. Abushiri bin Salim akaongoza vita, na Desemba 1889 akanyongwa papa hapa Pangani. Mwaka 1893 ikaanza kujengwa reli ya Tanga, biashara ikahamia huko. Kwa maoni yangu, umaskini uliofuata ndio uliozinusuru nyumba hizi: nani angekuwa na fedha za kuvunja na kujenga upya?

Sasa wenye fedha wanakuja. Mimi ni mhasibu, najua karatasi zitasemaje: jengo, sufuri, kiwanja, mamilioni. Warithi tulioko mbali tunaletewa karatasi za kusaini.

Kabla ya kusaini, tuanze na paa. Mvua ikipenya juu, ukuta huoza toka ndani. Na fundi asipake saruji, hufungia unyevu na chumvi ukutani. Fungu la kwanza la mchango wa mwaka huu napendekeza liende kwenye mabati, boriti na chokaa.