Contumely: Dharau Iliyokuwa na Bei

Mwanafunzi wa Kiingereza anaweza kumaliza shahada yake bila kulikuta neno contumely, isipokuwa kama amesoma Hamlet. Maana yake ni dharau, lakini si ile inayokaa moyoni. Ni dharau inayotolewa mbele za watu, kwa neno au kitendo, ili aliyelengwa ajione si kitu. Katika Kiswahili naona ufidhuli unalikaribia zaidi.

Waingereza walilipata kupitia Kifaransa, na katika karne ya 14 Chaucer alikwisha kulitumia. Chimbuko ni Kilatini, contumelia. Seneca alilihusisha na kudharau. Baadhi ya wanaisimu wa leo wanalihusisha na tumere, yaani kuvimba. Mimi naegemea kwenye kuvimba, pengine kwa sababu nasi husema fulani amevimba kichwa.

Kwa Warumi dharau ilikuwa na kesi. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya karne ya 5 KK, ilitoza asi 25, sarafu za shaba, kwa udhalilishaji mdogo wa mwili. Baadaye sarafu hizo zikawa hazina thamani. Aulus Gellius anasimulia kuwa Lucius Veratius alijifurahisha kwa kuwazaba watu huru makofi ya uso, huku mtumwa wake akimfuata na mfuko na kumhesabia kila aliyezabwa asi zake 25 papo hapo. Sheria imetimizwa, fedheha iko palepale! Hapo mapraetor wakaiacha bei ile, wakateua waamuzi wa kupima uzito wa kila tukio.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niipende zaidi Hamlet ya mwaka 1623. Chapa ya 1604–1605 inataja dharau ya mwenye kiburi, na wahariri wengi huifuata hiyo. Ile ya 1623 inataja dharau ya maskini. Wapo wanaoona hilo ni kosa la mchapaji, kwani maskini atamdharau nani? Lakini kiburi huitoa dharau, maskini huipokea, na maskini ndiye aliyebaki na kofi na sarafu mkononi. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu hapa. Tukisema kipigo cha askari, kisha kipigo cha mwizi, hakuna anayeuliza nani alimpiga nani.