Tembe za Wageni wa Unyanyembe

Nyumba za kupangisha watalii, kuanzia fukwe za Karibi hadi Paje na Nungwi za Unguja, husifiwa kwa jambo moja: nje udongo na makuti, ndani starehe. Mtindo huo hutajwa kama ubunifu wa siku hizi na kama mali ya ufukwe. Historia ya Tabora, mji ulio bara mbali na pwani, inapinga yote mawili. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kaze, kituo cha misafara cha Unyanyembe palipo Tabora ya leo, Novemba 1857, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea na kuwapeleka katika nyumba ya mwenzake aliyekuwa amerejea Unguja. Juni 1871 mwandishi wa habari Stanley naye alipewa tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, huko Kwihara karibu na Kaze, na mwaka uliofuata mmisionari Livingstone akakaa humo tangu Februari hadi Agosti. Kumpa mgeni nyumba kamili ulikuwa utaratibu wa njia ya misafara.

Burton alizieleza tembe hizo kwa makini. Paa zito la udongo lilibebwa na magogo. Mbele palikuwa na baraza pana la kukalia, kusali na kufanyia biashara. Nyuma ya lango la mbao nene kulikuwa na sebule yenye vibaraza viwili vya udongo, vilivyotandikwa mikeka na mazulia mgeni alipotarajiwa. Atakayesema huo ulikuwa ustaarabu wa Waarabu tu atakuwa amesema nusu. Sebule na mazulia vilitoka pwani, lakini udongo, miti ya miombo na paa bapa la tembe ni vya bara. Bila nyenzo na ujuzi wa bara, starehe ya pwani isingepata pa kukaa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kuzisifu tembe hizo ni kwamba ukarimu huo ulilishwa na pembe za ndovu na utumwa. Ni kweli, na ushahidi umo mlangoni: lango lilifungwa kwa minyororo minene, kwa hofu ya watumwa waliokuwa ndani ya boma. Hata Stanley, alipozunguka kusini kupitia Ugunda, upande wa Sikonge ya leo, kwa kuwa mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, alitegemea mabega ya wapagazi. Hilo halifuti thamani ya tembe. Linatudai tuisimulie nzima. Atakayejenga nyumba ya wageni Sikonge kwa mtindo huo ana haki ya kujivunia urithi, mradi amweleze mgeni ni nani waliojenga, waliobeba mizigo na waliofungiwa.