Karata za Ramli na Makaburi ya Misri

Yako madai yaliyoenea katika nchi za Ulaya na Marekani, kwamba karata za kupigia ramli ziitwazo taroti ni kitabu cha hekima ya makuhani wa Misri ya kale, na kwamba mwenye kujua kuzipanga na kuzisoma aweza kufumbua siri zilizofungwa makaburini mwa Mafirauni. Madai hayo yana mwanzo unaojulikana, nayo yawahusu hasa wataalamu wa lugha, kwa kuwa yalijengwa juu ya maneno, na kwa maneno yakabomolewa.

Mwaka 1781 mjini Paris, Antoine Court de Gébelin alitoa juzuu ya nane ya kitabu chake kiitwacho Monde primitif. Humo alieleza ya kuwa aliwakuta watu wakicheza taroti, akazitazama, na kwa muda wa robo saa akaamua kwamba asili yake ni Misri. Hata jina lenyewe alilifasiri kuwa la Kimisri, akaligawa sehemu mbili, ya kwanza njia na ya pili mfalme, yaani njia ya kifalme. Miaka minne baadaye Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alitoa kitabu cha kufundisha kupiga ramli kwa karata hizo. Naye Paul Christian, mwaka 1870, akaongeza kisa cha mwanafunzi aliyepitishwa chini ya mapiramidi mbele ya picha 22, idadi iliyo sawa na ile ya turufu za taroti.

Ila moja kubwa yaonekana katika jengo hilo. Mwaka 1781 hapakuwapo mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Mlango huo haukufunguka hata mwaka 1822, Jean-François Champollion alipoonyesha kanuni za kuyasoma. Hapo ndipo kuta za makaburi zilipoanza kusema zenyewe. Katika kaburi la Seti wa Kwanza, lililofunguliwa na Giovanni Belzoni mwaka 1817, wataalamu wamesoma habari za safari ya jua katika saa 12 za usiku, na milango inayolindwa na nyoka. Mchezo pia umo katika makaburi ya Misri: malkia Nefertari amechorwa akicheza seneti, mchezo wa ubao wenye nyumba 30, ambao Wamisri waliuhusisha na safari ya maiti. Lakini karata hazimo. Na yale maneno mawili ya Court de Gébelin hayakuonekana kuwa na maana alizoyapa.

Asili ya taroti ni Italia ya kaskazini, ambako zilitengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 ziwe mchezo. Turufu zake ziliitwa trionfi, na kutokana na neno hilo Wareno walipata trunfo, nasi kwao tukapata turufu. Kuzipigia ramli kwa kanuni zilizoandikwa ni jambo la karne ya 18.

Hata hivyo, Misri haikosi fungu lake katika habari hii, ila ni Misri nyingine. Mwaka 1939 L. A. Mayer alitangaza karata za zama za Wamamluki, watawala Waislamu wa Misri tangu mwaka 1250 hata 1517, zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul. Zimegawanyika jamii nne, nazo ni vikombe, sarafu, panga na magongo ya mchezo wa polo. Na chini ya mfalme yuko naibu wake. Kwa sababu hiyo amri ya Florence ya mwaka 1377 yazitaja karata kwa jina la naibbe, na Wahispania huziita naipes mpaka leo.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Naibu ni neno lake la kila siku. Na katika karata anazocheza barazani, kopa ni kikombe kwa Kireno, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pao ni gongo. Picha zenyewe zimekwisha badilika, kwa kuwa kopa sasa huchorwa moyo, na shupaza huchorwa mfano wa jani. Lakini majina yamebaki yakishuhudia zile jamii nne za Wamamluki.

Court de Gébelin alitazama picha akadhani amezisoma. Njia ya kweli ya kwenda Misri ilikuwamo katika majina waliyoyatamka wachezaji wa Ulaya zamani kabla yake, wala haikuishia kaburini mwa Firauni, bali Kairo, katika majumba ya masultani.